Mashine Ikizimwa

Ndugu zangu wa Mbulu na Hanang, naomba nianzie kwenye mashine ya kusaga.

Siku ya gulio pale Dongobesh, ndani ya mashine hakuna anayesikia neno. Injini ya dizeli inanguruma, mkanda unapigapiga, vumbi la unga limetanda mpaka kwenye kope. Kwa hiyo watu wote husema kwa mikono. Mama anayetaka dona anapitisha kiganja mara moja juu ya ndoo yake. Anayetaka kukoboa kwanza anasugua viganja viwili. Idadi ya madebe ni vidole, bei ni vidole, na zamu yako ikifika unaguswa begani. Mgeni anayejaribu kupaza sauti huishia kukohoa unga, na wenyeji humcheka.

Kijana anayeiendesha mashine hiyo ni kiziwi tangu utotoni. Nilisagiwa kwake miezi minne bila kujua. Nilichokuwa nimekiona ni kwamba huwa anaweka kiganja kwenye ubavu wa mashine, anatulia kidogo, kisha anapunguza mahindi kwenye mdomo wa mashine. Nilidhani ni mazoea tu. Kumbe anasikiliza kwa mkono: mtetemo ukibadilika anajua kinu kimelemewa, au mkanda umeanza kuteleza, kabla hata sisi wenye masikio hatujashtuka.

Siku moja dizeli iliisha katikati ya foleni. Injini ikakohoa, ikazima. Ukimya ulivyoingia mle ndani ni kama mtu amefungua mlango. Mama mmoja aliyekuwa mbele akasema, "We kijana, imekuwaje tena?" Kijana yuko kimya, anafunga mdomo wa kiroba. "Mwanangu, si nakusemesha wewe!" Mwenzake akamnong'oneza, "Huyo hasikii, mama." Yule mama akashika mdomo. "Jamani, masikini! Pole mwanangu." Akafungua fundo la kitenge, akatoa shilingi mia mbili, akamwekea kijana kiganjani. Kijana akaitazama ile sarafu, akamtazama mama, akaangalia madebe yake mawili, kisha kwa adabu kabisa akamwonyesha kwa vidole kwamba bado deni halijatimia. Tulicheka wote, na mama mwenyewe akacheka hadi akafuta machozi.

Nimeibeba sarafu ile kichwani mwaka mzima. Dakika tano kabla, yule alikuwa fundi, na mama alimpanga kwenye akili yake pamoja na mafundi wengine. Injini ilipozima akawa masikini wa kupewa mia mbili. Yeye hakubadilika chochote. Kilichobadilika ni sisi: tulirudia kusema kwa midomo, tukamwacha nje.

Sheria yetu inalijua jambo hili. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inapoeleza maana ya ulemavu haisemi ni sikio lisilosikia au mguu usiokanyaga. Inasema, kwa maneno yangu mimi, kwamba ni kukosa au kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wengine, kwa sababu za kimwili, za kiakili au za kijamii. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona wanasheria wanazunguka mbuyu. Baada ya siku ile ya dizeli niliirudia nikaona wamepiga palepale. Mashine ikinguruma, kijana hajapungukiwa nafasi yoyote. Ikizimwa, anapungukiwa, na wanaoipunguza ni watu, nikiwemo mimi niliyefundisha miaka mingi bila kujifunza hata kusema "karibu" kwa lugha ya alama.

Ndiyo maana ninaandika. Ninawaomba, kila mmoja mahali pake, tuwape kazi wenzetu wenye ulemavu. Kazi yenyewe, ya mshahara au ya faida, katikati ya watu wengine. Zile mia mbili tuziache.

Nieleze kilichonipeleka hadi hapa. Mashine ile ni ya mjomba wa kijana, na mjomba ana watoto wake wanaokua. Siku moja mmoja wao atakaa pale. Kijana alimaliza darasa la saba kwenye kitengo cha viziwi, anaandika mwandiko mzuri kuliko wangu, na hesabu za madebe anazifanya kichwani. Nikasikia kwamba mfanyabiashara mmoja wa mazao, katika mji mmoja wa mkoa wetu, anatafuta mtu wa kusimama kwenye mizani ya ghalani: pima gunia, andika kilo kwenye daftari, mpe dereva karatasi. Nikamwongoza kijana hadi kwake. Tukapokelewa vizuri, tukapewa na chai.

"Mwalimu," akaniambia yule bwana, "wewe ni mtu tunayekuheshimu. Lakini huyu nikiwa huku mbele naye yuko kule nyuma, nitamwitaje?"

Kabla sijajibu, lori likaanza kurudi nyuma kuingia ghalani. Akaomba radhi, akatoka. Tukamwona kupitia dirishani, amesimama nyuma ya lori na mikono hewani: kushoto, kushoto, nyoosha, njoo, njoo, kisha ngumi juu. Dereva amefunga vioo, redio imewashwa, na anatii kila ishara. Lori likasimama palepale lilipotakiwa. Bwana akarudi, akajifuta jasho, akakaa. "Enhe, tulikuwa tunasemaje?"

Kijana hakupata kazi ile. Simtaji mtu huyo, wala sina kinyongo naye. Chai yake ilikuwa nzuri. Ila nilipokuwa naondoka nilihesabu vichwa pale ghalani, wapakiaji, makarani, walinzi na mama wa chakula, nikapata 26. Hapo ndipo sheria inapoingia.

Kifungu cha 31 cha sheria hiyo ya 2010 kinasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wenye sifa wasiopungua asilimia 3. Si jambo jipya. Mwaka 1982 nchi yetu ilikuwa tayari na sheria ya ajira kwa watu wenye ulemavu, iliyotaka asilimia 2 kwa mwajiri mwenye watu 50 au zaidi. Wakati huo, hapa Hanang, ukitaja mwajiri mkubwa watu walifikiria mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO kule Basotu, matrekta na mashine za kuvunia mpaka macho yanachoka. Mashamba yale yana historia chungu kwa Wabarbaig waliopoteza malisho, na leo siielezi. Nakumbusha tu kwamba tangu 1982 idadi ya watu imeshushwa kutoka 50 hadi 20, na asilimia imepandishwa kutoka 2 hadi 3. Sheria imekuwa ikitusogelea mlangoni, hatua kwa hatua. Majirani zetu wa Kenya waliandika asilimia 5 ndani ya Katiba yao ya 2010, kwa nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa. Na Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, Tanzania ikauridhia mwaka 2009. Mwaka mmoja baadaye ndipo tukapata hii Na. 9.

Sasa wapo wanaotumia hesabu kukwepa. Asilimia 3 ya watu 20 ni 0.6. Ya 26 ni 0.78. Mtu kamili anapatikana ukifika wafanyakazi 34. Nimewahi kumsikia meneja akitania kwamba hana mahali pa kumpata robo tatu ya mtu. Jibu langu ni la mwalimu wa shule ya msingi: 0.78 ukiikadiria kwa namba nzima ni 1. Na 0.6 ni 1. Sheria imetaja watu 20 waziwazi. Ingekuwa haitaki kitu kwa mwenye 20, isingemtaja.

Kwetu ni nani wenye watu 20? Halmashauri zetu, ya Mji wa Mbulu, ya Wilaya ya Mbulu na ya Hanang, zenye walimu, wauguzi na maofisa kwa mamia. Hospitali ya Haydom, iliyoanza kuhudumia watu mwaka 1955 na ambayo nusu ya watoto wa Mbulu wamezaliwa au wametibiwa hapo, au tuseme ndivyo tunavyopenda kujisifia. Majimbo na dayosisi za kanisa na shule zake. Wanunuzi wa mbaazi, alizeti na vitunguu swaumu. Wenye mabasi. Wakandarasi wanaojenga barabara na kuchimba visima. Simshutumu yeyote katika hao. Ninaomba kitu kidogo: mwenye daftari la wafanyakazi alifungue wiki hii, ahesabu, azidishe kwa 3, agawanye kwa 100, na aandike jibu pembeni kwa kalamu nyekundu. Halmashauri yenye watumishi 1,000 itapata 30. Kisha ahesabu waliopo.

Najua kinachofuata: gharama. Mwajiri husikia neno ulemavu akaona lifti, mashine za bei mbaya na majengo mapya. Tuangalie mambo halisi ya huku kwetu. Mlango wenye kizingiti cha sentimita 15 unahitaji mteremko wa saruji wa urefu wa sentimita 180, maana kipimo kinachotumika duniani ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo. Hiyo ni kazi ya fundi mmoja na kibarua wake, siku moja, mifuko michache ya saruji na mchanga wa korongoni. Mwenye ualbino anahitaji kofia pana, mikono mirefu, meza iliyo mbali na jua la dirishani, na mafuta ya kukinga ngozi, ambayo yanatengenezwa hapo Moshi, hospitali ya KCMC. Ukimpa kazi ya kusimama juani saa saba mchana kuhesabu malori umemdhulumu. Ukimpa ile ya ndani, ya kuandika, umepata karani. Kiziwi anahitaji uandike. Simu zetu zote zina ujumbe mfupi, na vijana wameshaacha kupigiana hata wao kwa wao. Asiyeona anahitaji vitu viwekwe mahali pamoja kila siku, na mtu wa kumsomea karatasi. Simu za kisasa husoma maandishi kwa sauti.

Na mara nyingi njia fupi kuliko zote ni kumuuliza mwenyewe. Usimuulize mama yake wala mwalimu aliyemsindikiza. Pale ghalani kosa la kwanza lilikuwa langu: kijana alikaa pembeni na kalamu mfukoni, na mimi na bwana mwenye mali tukamjadili kama ndama mnadani. Ningempa karatasi angejibu mwenyewe kuhusu kuitwa. Nilipomuuliza baadaye aliandika: "Awashe taa, azime, nitaona."

Kuna msemo umezoeleka siku hizi kwenye makongamano, kwamba kila mtu ni mlemavu mtarajiwa. Siupendi sana. Unamtaka mtu atende haki kwa hofu ya yatakayomkuta. Lakini kwa Hanang siwezi kuupuuza. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani asubuhi, vikaua zaidi ya watu 80 na kujeruhi wengine zaidi ya 100. Kuna waliotoka pale wakiwa na miili tofauti na waliyolala nayo usiku. Ongeza bodaboda zetu za barabara ya Babati hadi Singida. Ongeza maji ya Bonde la Ufa yenye floraidi nyingi, ambayo sehemu za kwetu hupinda mifupa ya watoto taratibu bila kelele. Kwa takwimu za sensa ya 2022, asilimia 11.2 ya Watanzania wa umri wa miaka 7 na kuendelea wanaishi na ulemavu wa namna fulani. Hiyo ni kama mtu mmoja kwa kila tisa. Kwenye basi la abiria 60 la kwenda Arusha wako sita au saba, hata kama huwaoni.

Kwa aliyeumia akiwa kazini, sheria haikusudii aondoshwe. Mwajiri anatakiwa aendelee naye, amtafutie kazi anayoiweza. Na upande wa fidia kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri anauchangia. Nawaambia madereva na wafanyakazi wa mashine hasa: msikubali kuagwa kwa bahasha ya pole mkaenda kukaa chini ya mwembe.

Sasa nifike kwenye neno "jumuishi", ambalo limekuwa kama chumvi, linatiwa kwenye kila hotuba. Maana yake ni katikati ya wengine. Kihistoria tulianza kwa kuwaweka kando, kwa nia njema: vyuo vyao, karakana zao, bidhaa zao. Na vipo vyenye sifa. Iringa kuna Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Dayosisi ya Anglikana ikiwa na vijana watatu viziwi wanaotengeneza karatasi, hata kwa kinyesi cha tembo. Ina mkahawa ambako wahudumu ni viziwi, na mteja anaandika anachotaka au anajifunza ishara mbili tatu akisubiri chai. Ni kama ile mashine ya kusaga, ila wao wamefanya makusudi. Jirani zetu Singida wana chuo cha Sabasaba, cha ufundi stadi na marekebisho kwa watu wenye ulemavu, na hapa Mbulu tunacho Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Tango. Mzazi wa Katesh anapanda basi la Singida asubuhi, mchana yuko Sabasaba anauliza fomu.

Lakini chuo na karakana ni mlango wa kupitia, mtu hajengi nyumba mlangoni. Marekani, nchi tunayoiona imetangulia, ina sheria ya mwaka 1938 ambayo kipengele chake kimoja kiliruhusu mtu mwenye ulemavu, kwenye karakana za kutengwa, alipwe chini ya kima cha chini cha mshahara. Mtu alifunga boksi miaka thelathini kwa senti, na wafadhili wakapiga makofi. Ndiko kutengwa kunakofikisha hata watu wenye huruma. Mkataba wa 2006 nilioutaja unalitazama hilo na kutaka soko la ajira lililo wazi kwa wote. Ndiyo kusema: mhasibu mwenye kiti cha magurudumu akae ofisi moja na wahasibu wengine, alipwe kama wao, na akikosea hesabu agombezwe kama wao. Kugombezwa ni sehemu ya haki. Yule kijana wa mashine amewahi kumwaga debe la mtu, akafokewa kwa mikono, akalipa. Sijawahi kumwona ameheshimiwa kama siku ile.

Wazee wangu wa Kiiraqw na wa Kibarbaig watanielewa nikiuleta mfano wa ng'ombe. Tangu zamani, mwenye ng'ombe wengi humpa jirani asiye na kitu ng'ombe amtunzie. Jirani anakunywa maziwa, anapata samadi ya shamba, na ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Hakuna aliyeona hiyo ni sadaka. Mwenye mali amegawanya hatari ya ugonjwa na ukame, mtunzaji amepata maziwa na jina katika kijiji. Akimtunza vizuri hupewa hata ndama. Swali langu kwa wazee ni hili: mara ya mwisho kumkabidhi ng'ombe kijana mwenye mguu mmoja ilikuwa lini? Anaweza kukamua akiwa amekaa kigoda, kama tunavyokamua sote. Kuna kaya ninazozifahamu ambako mtoto wa namna hiyo alikuwa akifungiwa nyumba ya nyuma wageni wakifika. Siku hizi wamepungua, namshukuru Mungu, ila hawajaisha. Mzazi unayesoma hapa, mtoe mtoto. Mwandikishe shule mwakani. Asilimia 3 inataka watu wenye sifa, na sifa zinaanzia darasa la kwanza. Mwajiri anayesema "nimetangaza, hawakuja wenye vyeti" wakati mwingine anasema kweli, na kweli hiyo ni deni letu wazazi na walimu.

Lugha nayo tuiangalie kidogo. Kiswahili kiliwapanga hawa ndugu kwenye ngeli ya ki-vi: kipofu, kiziwi, kiwete, pamoja na viti na vikombe. Hata hivyo sarufi yenyewe iliona aibu, maana hatusemi kipofu kinakuja, tunasema anakuja. Siku hizi tunasema mtu mwenye ulemavu, mtu asiyeona. Viziwi wenyewe wamelishika jina lao, na chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Kwa hiyo nami namwita kiziwi, kwa sababu ndivyo anavyotaka kuitwa. Ukiwa na shaka, uliza.

Wengi wetu hatutaajiriwa na mtu mwenye wafanyakazi 20, tuwe na ulemavu au tusiwe nao. Tunalima, tunafuga, tunauza duka. Kwa upande huo halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwona. Na sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za umma kwa makundi maalumu, wakiwemo watu wenye ulemavu. Sare za shule, madawati, chakula cha semina, hivyo vyote ni zabuni. Mafundi cherehani wa Katesh wakiungana kikundi na kusajiliwa wanaweza kushona sare za mgambo. Madiwani, nawaomba mliulize hili kwenye baraza lijalo: katika yale manunuzi ya mwaka jana, kikundi gani cha watu wenye ulemavu kilipata kitu?

Na wewe ndugu yangu mwenye ulemavu unayesoma, au unayesomewa. Ukiomba kazi serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira, matangazo yake huwahimiza waombaji wenye ulemavu kuomba na kuainisha ulemavu wao kwenye mfumo. Ainisha. Wengine huficha wakiogopa kukatwa. Ukificha, unafika kwenye usaili ghorofani na hakuna aliyejiandaa. Na ukinyimwa kazi kwa sababu ya ulemavu tu, wakati kazi yenyewe unaiweza, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inauita huo ubaguzi, na inamlinda hata mwombaji ambaye bado hajaajiriwa. Pa kupeleka lalamiko ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Usikae nalo: kwa malalamiko ya aina hiyo una siku 60, na kama umeachishwa kazi ni siku 30. Siku hizo zinaisha haraka kuliko mvua za vuli. Mimi na kijana wangu tulizijua zikiwa zimeshapita.

Kuna chombo kingine kiko karibu zaidi, nacho kimelala. Sheria ile ya 2010 iliunda kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Kamati hiyo ndiyo ingejua ni nani yuko kwenye kaya gani, amesoma hadi wapi, anaweza nini, ili mwajiri akitafuta mtu wa mizani asiseme hawapo. Nimeuliza wenyeviti kadhaa wa vijiji kuhusu kamati zao. Mmoja alinitajia majina matano bila kusita. Wengine waliniuliza ninatoka shirika gani.

Mkutano mkuu wa kijiji chetu ni mwisho wa mwezi huu. Nimeshamwambia mwenyekiti kwamba kwenye mengineyo nitasimama niulize: kamati yetu ni akina nani, na orodha yao ya watu iko wapi? Nawe kwenye mkutano wa kwenu, Basotu, Endasak, Haydom, Daudi, popote ulipo, nakuomba usimame uulize hivyohivyo. Mimi kwetu nitakaa benchi la mbele na daftari, niandike kila kitakachosemwa ili mtu wa pembeni yangu asome. Jana nilipita mashineni kumwalika. Injini ilikuwa inanguruma. Nikamgusa bega, nikamwonyesha vidole vinne, nikaelekeza kwenye ofisi ya kijiji. Akanitazama, akaangalia mikono yangu mitupu isiyo na debe, akaniuliza kwa ishara kama nataka kusagiwa manne.

Nikacheka, nikachukua kalamu yake mfukoni, nikamwandikia kwenye unga uliotanda juu ya mizani: Jumamosi, saa nne.